Ufedhuli: Neno la Zamani na Maana Yake

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Sumbawanga.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu walimu, ndugu watumishi wenzangu wa umma:

Nimeombwa niseme juu ya neno moja tu, na huenda baadhi yenu mnajiuliza ni neno gani hilo hata likawatoa watu wazima makazini mwao alasiri nzima. Neno lenyewe ni fedhuli. Wengine hutamka fidhuli, na matamshi yote mawili yamo katika Kiswahili chetu. Vijana wa leo hawalitumii sana. Wao husema fulani "ana dharau" au "ana nyodo", wakaishia hapo. Lakini sisi wa shuleni na ofisini tumelihifadhi, kwa sababu ni neno linalofaa mno kuandikwa katika jalada la mtu. Nami nakiri mbele yenu kwamba nimewahi kuliandika, na kuliandika kwangu ndiko kulikonifanya baadaye nilitafute asili yake.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu wa darasa katika shule moja ya msingi huku huku Ufipa. Shule ilikuwa na shamba la mahindi, kama zilivyokuwa nalo shule nyingi wakati ule, na wanafunzi ndio waliolima, wakapalilia, wakavuna na kubeba. Asubuhi moja, wanafunzi wakiwa wamejipanga mistari, nilisoma taarifa ya mavuno: magunia 11. Mvulana mmoja wa darasa la sita akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, sisi tuliobeba tulihesabu 14." Hakuongeza neno. Hakupaza sauti wala hakutabasamu. Lakini wenzake walicheka, na hasira zikanipanda. Mwisho wa muhula, katika fomu ya maendeleo, mahali pa tabia, nikaandika kwa wino mwekundu: "Ni fedhuli."

Baada ya siku chache alikuja baba yake, mkulima wa kijiji kilicho ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa. Alisalimu kwa adabu ya wazee wa huku, amechutama, akipiga makofi ya polepole. Kisha akaifungua ile fomu, akasema: "Mwalimu, mtoto amenisomea karatasi yote. Neno hili moja limemshinda kunieleza. Nimeona nije kwa aliyeliandika." Nikamjibu kwamba maana yake mtoto ni mjeuri, anadharau wakubwa. Mzee akanyamaza kidogo, akauliza, "Alifanya nini?" Nikamweleza habari ya magunia. Akauliza tena, kwa upole ule ule: "Na magunia, Mwalimu, yalikuwa mangapi?"

Sikuwa na jibu. Nitalirudia jambo hilo, lakini kwanza tulitazame neno.

Watu wa mji huu hawana haja ya kushawishiwa kwamba neno huwa na tumbo, na ndani ya tumbo mna kitu. Sumbawanga lenyewe, kama wazee wanavyotueleza, ni maneno mawili ya Kifipa: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Mgeni hulitaja kila siku katika barua na tiketi za basi asijue kwamba anatoa amri. Ndivyo ilivyo kwa fedhuli. Tunalitamka kama jiwe la kumtupia mtu, wala hatuoni limechongwa kwa kitu gani.

Neno hili ni la Kiarabu. Shina lake lina konsonanti tatu, fa, dhadi na lamu, na maana ya shina hilo ni kuzidi, kubaki baada ya haja kutimia. Kutokana nalo Waarabu walipata fadhl, yaani ziada, na kwa hiyo hisani: kile ambacho mtu amekuwa nacho zaidi ya haja yake akampa mwenzake. Sasa hesabuni maneno ya Kiswahili yaliyotoka katika shina hilo. Fadhila. Fadhili. Mfadhili. Afadhali, yaani kilichozidi kingine kwa ubora. Na tafadhali, ambalo kwa asili humwomba mtu afanye fadhila. Haya yote ni maneno ya ungwana. Nyumba hiyo hiyo ndiyo iliyomzaa fedhuli. Mfadhili na mfedhuli ni watoto wa baba mmoja, na katika maandishi wametofautiana irabu mbili tu.

Ilikuwaje ndugu hao wakaachana hivyo? Kwa Waarabu, wingi wa neno lile, fudhuli, ulikuja kuwa na maana ya ziada zisizo na faida: maneno ya ziada, udadisi wa mambo yasiyokuhusu. Mwenye tabia hiyo akaitwa fudhuli pia, yaani mjiingizaji, mtu anayejitia katika shughuli ya wengine bila ya kuitwa. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wakalichukua neno hilo wakalipa maana maalumu kabisa. Kwao fudhuli ni mtu anayetenda jambo katika mali au haki ya mwenzake hali yeye si mwenyewe, si wakili, si mlezi, wala hakupewa idhini. Mathalani, mtu amemwuza ng'ombe wa jirani yake jirani akiwa safarini. Je, mauzo hayo yanasimama? Hanafi na Maliki husema yanasubiri: mwenye ng'ombe akirudi akakubali, yamekuwa, akikataa, yamevunjika. Shafi, madhehebu yenye wafuasi wengi zaidi katika pwani yetu, kwa kauli yake mashuhuri huyahesabu kuwa batili tangu mwanzo.

Nawaomba mlishike jambo hili, maana ndilo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza. Katika asili yake fedhuli hakuwa mtoto asiyesalimia, wala mtumishi anayemjibu bwana wake. Alikuwa mtu anayetumia mamlaka asiyopewa. Kipimo chake hakikuwa sauti wala uso, kilikuwa idhini. Swali la kumwuliza lilikuwa moja: nani amekutuma?

Neno hili lilisafiri kwingi, na kila lilipofika lilivaa nguo za wenyeji. Waajemi huliita fozul, na kwao ni mdaku, mwenye kuchungulia mambo ya watu. Kwa wasemao Kiurdu, fuzul ni kitu cha bure, kisicho na haja, na matumizi ya anasa huyaita kwa neno hilo. Waturuki wanalo kwa maana ya kupita kiasi. Huko Iraki, katika karne ya 16, alikuwako mshairi mkubwa aliyetunga kwa Kituruki, Kiajemi na Kiarabu, akafariki mwaka 1556. Naye alijichagulia jina la Fuzuli. Alieleza mwenyewe kwamba alitaka jina ambalo hakuna mshairi mwingine angeligombea, maana nani atapenda kuitwa mjuba? Lakini alijua pia kwamba jina hilo hilo, likisomwa kwa upande wa pili, lina maana ya fadhila nyingi. Mzaha huo naupenda sana, na msomaji wa Kiswahili anaweza kuufurahia bila ya kufasiriwa.

Kwetu sisi neno liliingia kwa njia ya pwani, kama yalivyoingia mengine mengi. Katika orodha za maneno zilizokusanywa Unguja katika karne ya 19 bado lilikuwa na harufu ya kwao: mtu anayejitia mbele na kusema kupita kiasi. Baadaye maana ikahama. Kujitia kukawa kujikweza, kujikweza kukawa kudharau, na fedhuli akawa mtu mwenye kiburi na maneno ya kuudhi. Kuhama kwa maana si kosa; lugha iliyo hai ndivyo iendavyo. Walakini tazameni limehamia wapi. Limetoka kwa mwenye kunyang'anya mamlaka, likaenda kukaa kwa asiye na mamlaka anayethubutu kufungua kinywa.

Wala halikuhama peke yake. Safihi, neno jingine la zamani tunalomwita mtu mwenye utovu wa adabu, katika sheria lilikuwa la mtu asiyejua kutunza mali yake, hata kadhi akamzuia asiitumie. Na jeuri je? Neno hili tunalomtupia kila mtoto mkaidi, Kiarabu chake ni jauri, nayo ni dhuluma, uonevu, hasa uonevu wa mtawala. Sultani dhalimu ndiye aliyekuwa mwenye jauri. Leo, mwalimu akisimama mbele ya darasa na fimbo mkononi, humwita mtoto aliye mbele yake kuwa ndiye mjeuri! Sisemi kwamba watoto hawana jeuri. Nimefundisha muda mrefu mno kusema uongo huo. Nasema tu kwamba maneno mawili yaliyotungwa kumkemea mwenye nguvu yamegeuzwa yakamkemea mnyonge, na jambo la namna hiyo haliji kwa bahati. Mwenye kushika kalamu ndiye aliyeyageuza.

Kwa haki yake niseme pia kwamba Kiswahili kina neno la Kibantu lililo karibu sana na hili, ujuvi. Limetokana na kujua. Mjuvi ni yule aliyezidi kujua, au anayejifanya amejua. Hapo tena ni ile ile habari ya kuzidi, pasipo mkopo kwa mtu yeyote.

Sasa tuje huku juu. Kiswahili kilipanda uwanda wa Ufipa kwa njia za misafara na kwa njia ya Ziwa Tanganyika, kwa bandari kama Kirando na Kasanga. Halafu kwa misheni, baada ya Mapadri Weupe kushika Karema mwaka 1885, na kwa boma la Wajerumani lililowekwa Kasanga. Hakikukuta watu wasiojua mambo ya mamlaka. Wafipa walikuwa wafua chuma wenye tanuru ndefu kupita kimo cha mtu, walikuwa wakulima wa matuta waliorutubisha ardhi kwa majani, na walikuwa na dola zao mbili, Nkansi na Lyangalile. Juu ya hizo kulikuwa na Milansi, kwenye ukoo wa zamani kuliko yote. Mtaalamu Roy Willis, aliyefanya utafiti huku katika miaka ya 1960, aliyakusanya masimulizi ya Milansi na kuyaeleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1981. Lakini wazee wetu walikuwa wakiyasimulia kabla yake, kwa namna zaidi ya moja.

Masimulizi hayo husema kwamba mtawala wa Milansi alikuwa hayupo nyumbani siku walipofika wageni, wanawake, kutoka mbali. Wageni wakakitwaa kiti cha utawala. Aliporudi mwenyewe alikuta mambo yamekwisha geuka. Ukoo wa wale wageni, Watwa, ndio uliotawala baadaye. Watu wa Milansi wakabaki na mlima wao na heshima ya kuwa wa kwanza, hata watawala wapya hawakuweza kuipuuza. Mkinisikiliza vizuri mtaona kwamba kiini cha masimulizi hayo ni swali la yule mwanasheria wa Kiarabu: ni nani aliyekalia kiti, na kwa idhini ya nani? Wafipa walikuwa nalo swali hilo kabla ya kulipata neno fedhuli. Nao walilijibu kwa busara zaidi kuliko Shafi na Hanafi, kwa sababu hawakulifunga; wameendelea kulisimulia, na kila kizazi kikalipima upya.

Enzi ya kikoloni haikupenda maswali ya namna hiyo. Mkoloni alikuwa fudhuli kwa maana kamili ya sheria: alitenda katika mali ya watu bila ya kutumwa nao. Kwa hiyo ilimbidi neno la ufedhuli aligeuzie upande wa pili. Katika Kenya, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1910 ilifanya kuwa kosa la kuadhibiwa mtumishi kumtolea mwajiri wake maneno ya matusi. Na nani aliyekuwa akiamua lipi ni tusi? Mara nyingi kujibu tu kulitosha. Bwana shamba, nyapara na karani wa boma, kila mmoja alijifunza kusema "huyu ni fedhuli" juu ya mtu aliyeuliza mshahara wake uko wapi.

Tulipopata uhuru tulirithi majengo, majalada na, kwa bahati mbaya, misamiati ya majalada. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, alitaka shule zijenge akili inayodadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine, na kujiamini. Hapo hapo akatuonya juu ya ugonjwa wa kinyume: kijana aliyesoma kudhani kwamba wazee wake wa kijijini ni wajinga kwa sababu elimu yao haikutoka vitabuni. Mnaona pande zote mbili. Mtoto anayedadisi hakuhesabiwa kuwa fedhuli. Msomi anayedharau wakulima ndiye aliyekemewa. Na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kile kifungu chake cha 15 kilichopata sifa, uliwakataza viongozi kiburi, kujikweza, kuwadharau na kuwaonea watu. Wafanyakazi wa viwandani walikisoma kifungu hicho wakakielewa kuliko walivyotazamiwa. Kati ya mwaka 1971 na 1973 palitokea migomo mingi iliyolalamikia lugha na matendo ya mameneja, wala si mishahara peke yake. Wakubwa fulani waliwaita wafanyakazi hao wafedhuli. Kwa hesabu ya shina la neno, ilikuwa lazima kwanza tuulize ni nani kati yao aliyevuka mpaka wa idhini yake.

Ndugu watumishi, msidhani nawasema walimu tu. Mkulima wa mkoa huu, ulioundwa mwaka 1974 na ambao mahindi yake yaliufanya uhesabiwe katika ile mikoa minne mikubwa ya chakula, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, hufika dirishani pa ofisi na bahasha yake. Husema shikamoo kwa kijana aliye sawa na mjukuu wake, kwa kuwa kijana amekaa upande wa ndani. Kijana hajainua macho. Baadaye husema, "Njoo kesho." Nami nauliza: kesho hiyo ameitoa wapi? Sheria haikuitaja, mkuu wake hakumwagiza, na siku ile ya mkulima si mali yake hata aigawe. Huyo ametumia mali ya mtu bila ya idhini. Hakutukana hata neno moja, lakini kwa maana ya zamani ni fedhuli aliyekamilika. Na mkulima, akigonga meza akasema "nimekuja mara ya nne sasa", ndiye atakayeandikwa hivyo.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba adabu haina kazi. Yale makofi ya polepole ya yule mzee yaliniumiza zaidi kuliko ambavyo angeniumiza kwa ukali. Mtoto afundishwe kusalimu, na mdogo amstahi mkubwa. Neno tafadhali liwe kinywani mwetu sote. Walakini tafadhali, tukikumbuka asili yake, ni ombi kwa mtu aliye na ziada ya kutoa. Mwenye ofisi ndiye mwenye ziada. Kwa hiyo ni yeye anayeombwa fadhila, na akiinyima hali ni haki ya mwombaji, anapita kutoka katika mfadhili kwenda katika yule ndugu yake wa pili. Methali yasema fadhila za punda ni mateke. Sikuwahi kuisikia ikitajwa na mtu aliye nje ya dirisha.

Nirudi kwenye magunia. Baada ya yule mzee kuondoka nilikwenda stoo, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kusoma taarifa yoyote. Yalikuwamo 11. Nikauliza. Mwenzetu mmoja, mtu mwema na mchapakazi, akaniambia bila ya wasiwasi kwamba aliuza matatu wakati wa mavuno, akanunua chaki na mafuta ya taa, kwa kuwa shule ilikuwa haina hata kipande cha chaki. Chaki niliziona, nilikuwa nikiziandikia. Hakuna aliyekuwa amemwuliza, wala kamati ya shule haikujua. Mtoto alihesabu sawasawa. Fedhuli wa kisheria alikuwa katika chumba cha walimu, na mimi niliyemfichia bila ya kujua nilikuwa nimempa jina lake mtoto wa watu.

Kamati ilipokutana tuliwaeleza. Wazee walikuwa wakali kwa muda, kisha wakayakubali mauzo yale, kwa sharti kwamba siku nyingine waulizwe kwanza. Walifuata hukumu ya Hanafi na Maliki, ingawa wengi wao walikuwa Wakatoliki na hakuna hata mmoja aliyepata kuyasikia majina hayo. Ile fomu sikuweza kuifuta, maana mzee alikuwa amekwenda nayo nyumbani. Niliandika nyingine, nikaipeleka mwenyewe. Mahali pa tabia niliandika: "Huhesabu vizuri, na huuliza." Mzee alimwita mtoto aisome kwa sauti. Aliposikia hakuna neno gumu, alinikaribisha nikae.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza niliyokuwa nayo. Naona mikono miwili imeinuliwa kule nyuma tangu nilipokuwa nikisema habari ya "njoo kesho". Tafadhali waruhusu waanze.